Kuhamisha mafaili kutoka disketi na diski za Zip hadi kompyuta ya sasa: mwongozo kamili

Katika makabati ya shule, parokia, misikiti, vyama vya ushirika na nyumba za walimu wastaafu bado kuna maboksi ya disketi ambazo hakuna kompyuta hata moja katika jengo zima inayoweza kuzisoma. Apple ilianza kuuza iMac isiyo na tundu la disketi mwaka 1998, watengenezaji wengine wakafuata baada ya miaka michache, na Sony, iliyoileta disketi ya inchi 3.5 sokoni mwaka 1981, iliacha kuitengeneza mwaka 2011. Nyingi kati ya zile zenye kumbukumbu za maana sasa zina umri wa miaka 25 au zaidi, na tabaka la sumaku linalobeba maandishi yake halikukusudiwa kudumu muda huo wote.

Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja, nayo ni kwamba kila disketi ya zamani ihesabiwe kuwa huenda itasomeka vizuri mara moja tu. Usomaji wa kwanza uchukue kila kilichomo, na kazi nyingine zote, yaani kufungua, kutafuta, kubadili muundo na kuondoa virusi, zifanyike kwenye nakala. Watu wengi hufanya kinyume: hufungua faili moja baada ya jingine moja kwa moja kutoka kwenye disketi wakitafuta wanalolitaka, na kufikia wanapolipata, disketi imeshazunguka chini ya kichwa cha kusomea mara nyingi kuliko inavyoweza kuvumilia.

Tambua ulichonacho

Disketi ya inchi 3.5 ina kasha gumu la plastiki na kilango cha chuma kinachoteleza. Itazame upande ulio mkabala na kilango: yenye matundu mawili, moja katika kila kona, ni ya megabaiti 1.44, yenye tundu moja ni ya kilobaiti 720, au ni ya kompyuta ya zamani ya Apple iitwayo Macintosh, ya kilobaiti 400 au 800. Disketi ya inchi 5.25 ina kasha linalopinda na hubeba kilobaiti 360 au megabaiti 1.2. Diski ya Zip, iliyotengenezwa na Iomega kuanzia katikati ya miaka ya 1990, inakaribia ukubwa wa disketi ya inchi 3.5 lakini ni nene zaidi, na uwezo wake, yaani megabaiti 100, 250 au 750, kwa kawaida umeandikwa juu yake.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua utahitaji kifaa gani. Disketi za Macintosh za kilobaiti 400 na 800 ziliandikwa kwa draivu (kifaa kinachosoma na kuandika diski) iliyobadilisha kasi ya kuzunguka kadiri kichwa kilivyosogea kutoka ukingoni kwenda katikati, na kwa sababu hiyo draivu ya kawaida ya USB haiwezi kuzisoma hata kama ni nzima kabisa. Disketi za Macintosh za megabaiti 1.44 hazina tatizo hilo, ingawa zimepangwa kwa mfumo wa HFS ambao Windows haiutambui na ambao macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, iliacha kuusoma kuanzia toleo la Catalina.

Ipe kila disketi namba yake, kwa mfano D001, D002 na kuendelea, uibandike kwa lebo ndogo, kisha piga picha lebo ya zamani kwa simu na unakili maneno yake kwenye daftari au jedwali jinsi yalivyo, hata yakiwa na makosa. Maneno kama «matokeo ya mock, nakala ya pili» mara nyingi ndiyo maelezo pekee yaliyobaki kuhusu kilichomo. Kwa disketi za inchi 5.25, andika lebo kabla ya kuibandika, kwa kuwa kalamu ikikandamizwa juu ya kasha laini huacha alama hadi kwenye diski iliyo ndani.

Kisha zuia uandishi. Katika disketi ya inchi 3.5, sogeza kile kipande kidogo cha plastiki kilicho nyuma, pembeni, mpaka tundu lake liwe wazi. Likiwa wazi, draivu haiwezi kuandika chochote. Katika ile ya inchi 5.25 ni kinyume, kwani pengo lililo ubavuni ndilo huzibwa kwa kipande cha utepe ili kuzuia uandishi. Hatua hii isirukwe, kwa sababu mifumo ya kompyuta huandika vitu vyake kimyakimya: macOS, kwa mfano, hupenda kuacha mafaili yaliyofichwa kwenye diski yoyote inayounganishwa nayo.

Kukagua na kusafisha

Katika mwambao wetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, adui mkubwa wa disketi ni unyevu, kisha ukungu unaoota juu ya diski yenyewe. Sukuma kilango cha chuma kwa kidole, ielekeze disketi kwenye mwanga, na uzungushe kitovu chake cha chuma polepole kwa ncha ya kidole ili uione diski yote ikipita kwenye dirisha. Diski nzima ni nyeusi au kahawia iliyokolea, inang'aa kwa usawa. Madoa meupe au ya kijivu yanayofanana na vumbi lisilotoka ni ukungu. Mstari wa mviringo unaopitisha mwanga ni mahali ambapo tabaka la sumaku limekwanguliwa, na maandishi yaliyokuwa hapo hayarudi tena.

Disketi yenye ukungu isiingizwe kwenye draivu kama ilivyo. Ukungu hugandia kwenye kichwa cha kusomea, kisha kichwa hicho huikwangua disketi inayofuata hata kama ilikuwa safi. Iweke kwanza kwa siku kadhaa ndani ya chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Baada ya hapo, ukiwa umevaa barakoa, lowanisha kidogo kijiti cha pamba kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, shikilia kilango kikiwa wazi, na upanguse diski taratibu huku ukiizungusha kwa kitovu, pande zote mbili, ukibadilisha kijiti kila kinapochafuka. Iache ikauke kabisa. Spiriti ya vidonda inayouzwa madukani haifai, kwa kuwa nyingi huwa na maji na viungo vingine vinavyoacha utando.

Draivu ya kusomea

Kwa disketi za inchi 3.5 za kompyuta za kawaida, draivu ya nje ya USB inatosha. Windows ya sasa huitambua yenyewe na kuiita A:, bila kuhitaji programu ya ziada. Hata hivyo, draivu hizi ni nyepesi na nyingi husumbuliwa na disketi zilizochoka, na mimi huona afadhali draivu ya ndani iliyofunguliwa kutoka kwenye kompyuta ya zamani, ya aina wanazouza mafundi wa Kariakoo au Luthuli kwa bei ya chuma chakavu. Kompyuta ya Windows XP yenye draivu ya disketi na tundu la USB ni daraja zuri sana, kwani husoma disketi upande mmoja na kuandika kwenye flashi upande wa pili; isiunganishwe na intaneti kamwe, kwa kuwa ulinzi wake ulishapitwa na wakati.

Kwa disketi za inchi 5.25 utahitaji draivu yake halisi, ambayo haiungani na USB moja kwa moja. Njia inayotumiwa na wahifadhi wengi siku hizi ni kibao kidogo cha kielektroniki kiitwacho Greaseweazle, kinachounganishwa na draivu kwa kebo bapa, na pia na kompyuta kwa USB, huku draivu ikipewa umeme wake wa volti 5 na 12. Kifaa hiki husoma mabadiliko ya sumaku yenyewe badala ya kungoja draivu iyatafsiri, na ndiyo maana kinaweza pia kuzinasa zile disketi za Macintosh za kilobaiti 400 na 800. KryoFlux hufanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa bei ya juu zaidi. Kama una disketi tano tu za inchi 5.25, ni nafuu kumtafuta mwenye kifaa hiki kuliko kununua chako.

Kabla ya kuingiza disketi yenye thamani, jaribu draivu kwa disketi usiyoijali, kisha itoe uitazame dirishani. Ikiwa imetoka na mstari mpya wa mviringo, draivu hiyo ni chafu au mbovu, na inafaa isafishwe kichwa kwa spiriti ile ile au iachwe.

Kuchukua nakala ya disketi nzima

Nakala inayotakiwa ni ya disketi nzima, sekta kwa sekta (sekta ni kipande kidogo cha diski kinachosomwa kwa mara moja), inayohifadhiwa kama faili moja lenye kiishio cha .img. Inachukua pia sehemu ambazo orodha ya mafaili haizionyeshi, yakiwemo mafaili yaliyofutwa ambayo bado yamo. Katika Windows, programu ya WinImage husoma kutoka A: na kuhifadhi faili la namna hiyo. Lakini kwa disketi zilizochoka, chombo bora ni programu ya GNU ddrescue inayotumika katika Linux, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, na huhitaji kuisakinisha Linux kwenye kompyuta yako: unaweza kuiwasha Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kutoka kwenye flashi, ukafanya kazi, kisha ukarudi kwenye Windows yako kama ulivyoiacha.

Ukiwa Linux, ingiza disketi na uandike lsblk ili ujue draivu imepewa jina gani. Soma ukubwa kwa makini: disketi itaonekana ikiwa na takriban 1.4M, na kama utakosea ukataja diski kuu ya kompyuta, utanakili kitu kingine kabisa. Tuseme jina ni sdb. Amri ya kwanza ni hii:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb D014.img D014.map

Amri hii huchukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi na kuyaruka yanayokwama. Ikimaliza, fuatisha ya pili, ambayo hurudi kwenye sekta zilizokwama tu na kuzijaribu tena hadi mara tatu:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb D014.img D014.map

Faili la .map ndilo roho ya kazi hii, kwa kuwa linaandika sekta zipi zimepatikana na zipi bado. Ukiihamishia disketi kwenye draivu nyingine na kurudia amri ya pili kwa majina yale yale ya mafaili (ukirekebisha jina la draivu kama limebadilika), programu itatafuta zile zilizokosekana pekee na kuzijazia mahali pake. Hili lina faida kubwa, kwa sababu draivu mbili hazifanani kabisa katika mahali vichwa vyake vinapokaa, na sekta iliyogoma katika moja husomeka mara nyingi katika nyingine.

Kagua ukubwa wa faili lililopatikana. Disketi ya megabaiti 1.44 ina sekta 2,880 za baiti 512 kila moja, kwa hiyo nakala kamili ni baiti 1,474,560 barabara. Ya kilobaiti 720 ni baiti 737,280, ya megabaiti 1.2 ni 1,228,800, na ya kilobaiti 360 ni 368,640. Chukua pia alama ya utambulisho ya faili kwa sha256sum katika Linux, au katika Windows kwa certutil -hashfile D014.img SHA256, uiandike kwenye jedwali lako mbele ya namba ya disketi. Kwa alama hiyo utaweza kuthibitisha miaka ijayo kwamba nakala haijabadilika hata baiti moja.

Anayelazimika kunakili mafaili moja kwa moja kwa Windows, bila nakala nzima, atumie robocopy, amri ya kunakili iliyomo katika Windows, na aiwekee mipaka kwa /R:1 /W:1. Bila mipaka hiyo, robocopy hurudia faili lililokwama hadi mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na disketi mbovu itakwanguliwa usiku kucha. Ukiongeza /COPY:DAT, tarehe za mafaili zitabaki za zamani, jambo ambalo ni muhimu kwa kumbukumbu za vikao na hesabu.

Disketi isiposomeka

Windows ikikuambia kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, jibu ni hapana, kila mara. Ujumbe huo unamaanisha tu kwamba haikuutambua mpangilio wa diski, na sababu zaweza kuwa tatu au nne tofauti: disketi ni ya Macintosh, sekta ya kwanza imeharibika, kichwa cha draivu ni kichafu, au disketi ya matundu mawili ilifomatiwa zamani kwa kilobaiti 720. Sababu hii ya mwisho ina dawa rahisi: ziba kwa utepe usiopitisha mwanga lile tundu lisilo na kipande cha kusogeza, na draivu itaichukulia kuwa ya kilobaiti 720.

Sikiliza pia draivu. Mlio wa kurudiarudia mahali pamoja ni jaribio la kusoma sekta ngumu na unaweza kuvumiliwa kwa muda. Mkwaruzo mkavu unaoendelea maana yake ni kuitoa disketi papo hapo na kukagua diski na kichwa. Nakala ikikosa sekta chache, usikate tamaa kabla ya kuangalia ni faili gani limeguswa, kwa kuwa huenda pengo limeangukia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Diski za Zip

Draivu ya Zip ya USB ndiyo ya kutafuta. Zile za zamani zilizochomekwa kwenye tundu la printa hazifanyi kazi kwa kebo za kugeuza USB kuwa tundu la printa, kwa sababu kebo hizo huhudumia printa pekee. Draivu ya megabaiti 250 husoma diski za 100, na ile ya 750 husoma zote, ingawa haiwezi kuandika kwenye za 100, upungufu ambao hapa haukudhuru kitu. Katika Linux, mafaili ya diski ya Zip iliyofomatiwa kwa ajili ya PC hukaa katika sehemu ya nne, kwa hiyo ukitaka kuyafungua utataja sdb4 badala ya sdb, ilhali nakala nzima ichukuliwe kwa sdb, nayo kwa diski ya 100 itakuwa baiti 100,663,296.

Draivu hizi zina ugonjwa wake maarufu, mlio mkali wa «tak, tak, tak» unaorudiarudia kwa mpigo mmoja. Ukiusikia, toa diski na usiijaribu kwenye draivu nzima. Diski iliyochanika ukingoni inaweza kung'oa vichwa vya draivu, na draivu yenye vichwa vilivyopinda huharibu diski nyingine, hivyo ubovu huhama kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka boksi lote liishe.

Kufungua mafaili yaliyopatikana

Katika Windows, 7-Zip hufungua faili la .img na kuonyesha kilichomo. Katika Linux, tengeneza folda kwa sudo mkdir /mnt/disketi, kisha uandike sudo mount -o ro,loop D014.img /mnt/disketi; kwa disketi za Macintosh za mfumo wa HFS ongeza -t hfs. Nakili yaliyomo kwenye folda yenye namba ya disketi, na usibadilishe majina yake, hata yale mafupi ya herufi nane na kiishio cha herufi tatu ambayo DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, ilidai.

Kabla ya kufungua lolote, pitisha programu ya kukagua virusi. Virusi vya sekta ya kwanza, kama Brain iliyotokea Lahore mwaka 1986, huamka tu kompyuta inapowashwa kutoka kwenye disketi, kwa hiyo usiiache disketi ndani unapoizima na kuiwasha kompyuta ya zamani. Vya Microsoft Word, kama Concept ya mwaka 1995, hukaa ndani ya nyaraka zenyewe, na kinga yake ni kuzima makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya nyaraka.

Kwa nyaraka, LibreOffice ndiyo ya kuanza nayo, kwani husoma WordPerfect, Microsoft Works, Word za zamani ambazo Word ya sasa huzizuia, majedwali ya Lotus 1-2-3 na hifadhidata za dBase. Hifadhidata ya .dbf ikiwa na mwenzake wa .dbt, weka yote mawili katika folda moja, la sivyo maelezo marefu yatapotea. Hifadhidata za Microsoft Access 97 hazifunguki katika Access 2013 na zilizofuata. Zipitishe kwanza katika Access 2010. Nyaraka nyingi kwa pamoja hubadilishwa kwa amri moja ya LibreOffice: soffice --headless --convert-to odt --outdir mpya *.wpd. Mafaili yaliyogawanywa katika disketi kadhaa yakusanywe vipande vyote katika folda moja kwanza.

Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa herufi zake hazina alama za juu wala za chini, na maandishi yake husomeka karibu katika jedwali lolote la herufi, yaani orodha ya namba ambazo kompyuta hutumia kuwakilisha herufi. Kasoro huonekana mahali pachache. Nyaraka za Macintosh zikisomwa kama za Windows, ritifaa iliyopinda hugeuka Õ, na ng'ombe huandikwa ngÕombe. Tafuta na ubadilishe yote kwa pamoja. Nyaraka za WordStar, programu ya zamani ya kuandikia, ziliweka alama kwenye herufi ya mwisho ya neno, na barua huonekana baruá, shule ikawa shulå. Amri hii huzirudisha:

tr '\200-\377' '\000-\177' < BARUA.WS > barua.txt

Khutba na masomo yenye aya za Kiarabu huhitaji uangalifu zaidi: ikiwa ni maandishi matupu, fungua kwa LibreOffice ukichagua mwenyewe jedwali la herufi, na ujaribu Windows-1256 kwanza.

Kuhifadhi

Weka mambo mawili pamoja: nakala ya .img isiyoguswa, na mafaili yaliyobadilishwa kuwa ODT, PDF au CSV. Yawe katika sehemu tatu, mojawapo nje ya jengo, na flashi isiwe ndiyo tegemeo, kwa sababu ikikaa miaka bila umeme inaweza kupoteza kilichomo. Ikiwa kuna majina ya wanafunzi, wagonjwa au wanachama wa SACCO, folda hizo zinaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na zinahitaji nywila.

Disketi zenyewe zisitupwe mpaka mtu mwingine, asiyekuwa yule aliyezinakili, afungue mafaili kadhaa kutoka kila namba na kuyalinganisha na jedwali. Zile zenye sekta zilizokosekana zihifadhiwe hata baada ya hapo, mahali pakavu na mbali na spika, kwa kuwa Greaseweazle ikipatikana baadaye inaweza kutoa kilichokataa leo. Nyingine, kama zina siri za watu, zipasuliwe kasha na diski iliyo ndani ikatwe vipande kwa mkasi kabla ya kuingia kwenye taka.